Akiba Iliyokwisha Katwa Kodi

Washington, 3 Machi 1997

Mama mpenzi,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila kazi zimenijaa. Mbunge wetu ninayemfanyia kazi anataka nimlinganishie mapendekezo mawili. La kwanza, kodi ya mapato ibaki, lakini kiwango kiwe kimoja na fomu iwe ya ukurasa mmoja. La pili, ifutwe kabisa, watu wakatwe dukani wanaponunua, nchi nzima. Yeye analitaka la pili, na mimi pia. Wewe uliyewajazia majirani fomu za kodi miaka thelathini, unasemaje?

Bintiyo,
Maudie

Vidalia, Georgia, 11 Machi

Maudie mwanangu,

Barua nimeipata. Goti linanuna tu. Huku vitunguu vimeanza kunenepa mashambani.

Fomu zikifutwa silii. Macho yangu yenyewe yamechoka. Lakini nisikilize. Mimi na marehemu baba yako tulikatwa kodi kila mshahara, na kilichobaki ndicho tulichoweka. Sasa ndicho ninachokula. Mkihamia dukani, nitakatwa tena kwa pesa ileile, hata nikinunua sabuni. Kijana anayeanza kazi leo atafurahi. Na sisi je? Mwaka baba yako alipougua, kodi yetu ya mapato ilipungua kwa sababu mapato yalipungua. Mashine ya dukani haimuulizi mtu hali.

Mama yako

Washington, 6 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli. Nimepiga hesabu. Wanaahidi kila nyumba itarudishiwa kiasi fulani kila mwezi, lakini hakimtoshi mjane anayeishi kwa akiba. Nikaliandika hilo ukurasa mzima katika ripoti ya mbunge, nakala hii hapa.

Mbunge akasema, "Toa ukurasa huu, Maudie. Unaniharibia."

"Huyo ni mama yangu, bwana."

"Mama yako ana kura moja tu."

Nilikataa, akanifukuza. Ijumaa nafungasha vitu vyangu. Usinipe pole, niambie tu kama nimefanya upumbavu.

Bintiyo,
Maudie

Vidalia, 19 Mei

Mwanangu kipenzi,

Natumaini u mzima na unakula.

Jana mbunge alikuja kuzungumza na watu kwenye kituo cha zimamoto. Nikaenda na mkongojo wangu, nikanyoosha mkono.

"Karibu, mama. Tunafahamiana?"

"Mimi ndiye yule mwenye kura moja. Nimemzaa uliyemfukuza."

Watu wakacheka, yeye akawa mwekundu kama nyanya. Nikafungua ukurasa wako nikausoma wote. Cheko likakatika. Bi Eula wa kanisani akasimama, kisha wazee wote wa safu ya nyuma. Mbunge akasema atalitazama upya suala hilo. Sijui kama atalitazama.

Hukufanya upumbavu, Maudie. Nilisoma kila neno, na sauti haikunitetemeka mpaka nilipofika chini kwenye jina lako.

Njoo nyumbani.

Mama yako