Kobe wa Baba Hajapata Choo Siku Kumi na Nane

Kwanza wewe. Ndiyo, wewe wa kiwanda cha mikate, usigeuke nyuma kutafuta mwingine. Miaka miwili! Ulikuja hapa gazetini wiki moja baada ya kumzika mama yako, ukakaa kwenye benchi langu, ukalia mpaka kitambaa changu kikaloa, ukasema, "Bibi, Jumatano nitarudi." Shule sikwenda, lakini Jumatano najua kuzihesabu. Nilikuwa nakuwekea kikombe cha chai, kinapoa, nakinywa mwenyewe kwa hasira. Leo ndiyo naletewa bahasha na mlinzi wa getini, kana kwamba mimi ni ofisi ya maji.

Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeshika kalamu hapa, ameisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa bado nakugombeza. Mara ya pili niliweka kikombe chini nikasikiliza. Wasomaji wengine, isomeni na nyie, na atakayecheka acheke mbali na mimi.

*

Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Najua umenikasirikia na haki unayo, lakini naomba unisaidie, maana jambo lenyewe nikimwambia mtu mwingine atacheka, na mimi nimeshalililia mno hata sitaki mtu alicheke. Ni kobe, Bibi. Kobe wa baba yangu hajapata choo, leo siku ya kumi na nane.

Baba unamkumbuka, nilikusimulia, alikuwa fundi wa mizani, akizunguka sokoni na madukani kurekebisha mizani za watu, na huyo kobe, mama alimwokota barabarani kabla mimi sijazaliwa, wakamwita Mkaguzi kwa sababu anatembea polepole na kuchungulia kila kona kama wale wakaguzi wa vipimo waliokuwa wakimtoa baba jasho. Mwaka jana baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, macho yalikuwa yameshaanza kwenda yakamalizikia hapo hapo, na maneno yamebaki machache, anayatoa moja moja kama mtu anayejitoa miiba. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini namwekea Mkaguzi mapajani, anampapasa gamba, anamnyanyua kidogo kwa mkono wa kushoto kama anampima, anasema "yupo", basi, siku inaanza. Hilo "yupo" ndilo neno pekee analolisema bila kuhangaika.

Sasa kaka yangu alimwaga zege uani ili gari lake lisikae kwenye tope, majani yote yakaisha, nikamhamishia Mkaguzi stoo, kwenye sakafu ya simenti na kidirisha kimoja, na chakula nikawa namletea kutoka kazini, ile mikate inayorudishwa na maduka, nailoweka kwa maziwa kidogo, akawa anakula vizuri tu, nikamshukuru Mungu. Maji simpi kwa sababu tangu utotoni nasikia kobe hanywi maji. Miezi minne tumekwenda hivyo. Halafu nikaona stoo haichafuki tena, na Bibi nisamehe, nilifurahi, nikasema angalau ndani ya nyumba hii yupo mmoja nisiyemfagilia uchafu wake. Wiki ya pili ndipo nikamkuta anainua miguu ya nyuma, anajikamua, shingo ameitoa yote, macho ameyafumba, na hakitoki kitu. Tangu Alhamisi hali chakula. Miguu ya nyuma anaiburuta.

Jumamosi nikafanya jambo linaloninyima usingizi. Baba ana dawa ya maji ya kulainisha choo, aliyopewa hospitali, maana kulala siku nzima kumemfunga na yeye. Niliichukua ile chupa nikampa kobe kijiko kizima, nikaona kimya, nikampa cha pili, nikamwongezea mafuta ya kupikia, akatoa mapovu puani, chupa ikaisha, na baba hadi leo, siku ya tatu, hana dawa na mimi nimemdanganya kwamba duka la dawa limefungwa.

Kaka anasema najisumbua bure. Anasema kuna mtu anauza kobe, tununue wa ukubwa huo huo tumweke mzee mapajani, haoni, atajuaje. "Kobe ni kobe," anasema, "wana sura?" Nusu yangu inamkubalia. Juzi baba alimnyanyua Mkaguzi akasema, "Mzito." Nikamwambia ndiyo baba, amenenepa. Akatikisa kichwa. "Si wake." Sikumwelewa, na nilikuwa nimechelewa zamu, nikaondoka. Tena siku hizi baba amekuwa msumbufu kama mtoto, nikimlisha mboga za majani anazificha chini ya mto, nimekuta majani yameoza kwenye shuka nililolifua jana yake, nikamfokea, Bibi, nilimfokea baba yangu. Na anadai beseni. "Beseni. Moto." Mara tatu kwa siku. Nadhani anataka kukandwa miguu, namwambia Jumapili, baba, Jumapili nikipata nafasi.

Je, nimwambie ukweli au nifanye alivyosema kaka? Naogopa kobe akifa baba naye atamfuata. Na hili la mwisho, Bibi, mjukuu wako asilisome kwa sauti: kuna asubuhi nilisimama mlangoni pa stoo, nikasema moyoni, wafe wote wawili, nipumzike.

Wako wa mikate

*

Amelisoma kwa sauti, mwanangu, kwa sababu masikio yangu si yale ya zamani. Limesikika mpaka kwa mhariri. Hakuna aliyekucheka. Mlinzi alitoka nje akajifanya anafunga geti.

Tutalirudia hilo. Tuanze na mwenye gamba, kwa sababu yeye siku zake ni chache.

Nani alikwambia kobe hanywi maji? Ulimuuliza yeye? Kitu chenye mdomo kinakunywa! Umemchukua mnyama wa majani ukamfungia kwenye simenti, ukamlisha mkate wa maziwa miezi minne bila tone la maji, halafu unashangaa amefunga. Hata wewe ungefunga. Hata mimi, niliyekula kila aina ya tabu, ningefunga.

Nimemwomba mhariri ampigie simu daktari wa mifugo, anayetibu ng'ombe na mbwa na amewahi kutibu kobe, nami nikasikiliza kila neno. Kasema siku kumi na nane ni nyingi mno kwa dawa ya nyumbani peke yake. Kasema huenda mkate umegandamana ndani. Huenda kameza vipande vya lile zege, kwa sababu kobe akikosa chokaa ya kujenga gamba lake hutafuna chochote. Tena kauliza kama mna hakika ni dume, maana jike mwenye mayai yaliyokwama hujikamua vivyo hivyo. Kwa macho hajui mtu. Lazima apigwe picha ya ndani. Kwa hiyo leo hii, si Jumapili, leo unapoisoma hii, mfungie kwenye boksi lenye taulo umpeleke, na ukifika usione haya: sema nilimpa dawa ya baba vijiko viwili, sema nilimpa mafuta. Daktari akifichwa hutibu ugonjwa mwingine. Hayo mapovu puani yamemtisha kuliko hata choo.

Wakati unatafuta usafiri, na kila siku baadaye kama daktari ataruhusu, mwogeshe. Beseni, maji ya vuguvugu kama ya mtoto mchanga, yamfike chini ya kidevu na yasipite hapo, dakika ishirini mpaka nusu saa, usimwache hata kidogo maana kobe huzama. Atakunywa humo humo. Maji na joto humlegeza tumbo. Kisha mfute, mtoe juani atembee, kutembea nako ni dawa. Mkate basi. Maziwa basi. Nyasi, magugu, majani mabichi, kipande cha boga. Asipokula usimlazimishe. Na usije ukachokoa huko nyuma kwa kidole wala kijiti, nakujua wewe na haraka zako.

Sasa kaa chini, kwa sababu hapa ndipo nilipomwambia mjukuu wangu asome tena.

Siku ile kwenye benchi, katikati ya machozi, ulicheka mara moja. Umesahau, mimi sijasahau. Ulisema mama yako alikuwa na beseni la bluu, na kila Ijumaa akichemsha maji anamkalisha Mkaguzi humo, nanyi watoto mkimwimbia kwamba mama kazaa tena. Mlidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Mama yako alikuwa anampa kobe choo, kila Ijumaa, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kwa nini. Mmoja tu alijua, na huyo yuko kitandani na maneno yake machache.

Beseni. Moto. Mara tatu kwa siku!

Halikuwa la miguu yake, mwanangu. Na majani chini ya mto si utoto wala si wazimu. Mtu aliyebakiwa na mkono mmoja anayatoa mdomoni mwake akiba ya mnyama wa mke wake, akingoja asubuhi umwekee mapajani, na wewe unayakuta kabla yake unayatupa na kumfokea. Na "mzito, si wake"? Fundi wa mizani amekupa jibu la kipimo. Miaka arobaini aliweka vitu mkononi akajua kipi nyama na kipi mawe. Alikwambia kobe amebeba uzito usio wake, wewe ukamjibu amenenepa.

Basi mwambie kaka yako, bibi wa gazetini anamsalimu na anamuuliza hivi: mtu huyo ndiye unayetaka kumdanganya kwa mikono yake mwenyewe? Kobe wako wa kununua atakaa mapajani dakika moja. Mzee atampapasa, atamnyanyua, na lile neno "yupo" halitatoka. Hatakuuliza kitu, kwa sababu hana maneno ya kuuliza. Atajua tu kwamba mkewe amekufa, kobe amekufa, na watoto wake wawili wamesimama mbele yake wanamdanganya. Huko ndiko kumuua mtu. Kaka yako akitaka kufanya jambo la maana, achukue nyundo avunje kipande cha lile zege pale jua linapopiga, kiasi cha mkeka mmoja, arudishe udongo. Gari halifi kwa tope.

Kwa hiyo ukweli umwambie. Tena siyo umwambie, mkirie, maana anaujua. Ukitoka kwa daktari pitia duka la dawa, lile ulilosema limefungwa, umnunulie chupa yake. Mpe dawa, kaa ukingoni mwa kitanda, shika ule mkono unaosikia, sema: baba, nilikosea, nilimpa mkate, nilimpa dawa yako, sikukusikia. Usiongeze sababu za zamu na uchovu. Halafu kama daktari kakuruhusu kumrudisha mgonjwa, weka beseni juu ya kigoda karibu na kitanda, mzee ndiye amshike kobe kwenye maji. Wewe kazi yako ni kuchemsha na kunyamaza.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Miguu ya nyuma inayoburutwa si habari njema, daktari alivuta pumzi aliposikia. Huenda umechelewa. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nilikuficha. Lakini akifa, afe mikononi mwa anayemjua, si stoo, na si wewe kazini ukifunga mikate.

Na lile la mlangoni pa stoo.

Nilimuuguza mama mkwe wangu miaka sita. Nililisema hilo ulilolisema wewe, tena mimi nililisema kwa mdomo, jikoni, nikiosha nepi zake. Hakufa kwa neno langu, na mimi sikulaaniwa. Mtu anayetaka mgonjwa wake afe hamchemshii uji alfajiri kabla ya kwenda kazini. Uliyetaka apumzike ni wewe, na hukuwa na jina lingine la kuliita hilo pumziko. Lakini sikia: kulisema si dhambi, kuubeba mzigo wote peke yako miaka miwili ndio upumbavu, na hapo sikusamehe. Benchi lilikuwepo. Chai ilikuwepo. Kaka yako ana mikono miwili na gari, kuanzia wiki hii Jumapili na Jumatano ni zake, amlishe na amgeuze, na akikuuliza nani kasema, mpe gazeti hili.

Jumatano ijayo uje. Usilete bahasha, nimechoka na bahasha. Mlete baba yako, kwa gari hilo hilo lililoua majani. Kama Mkaguzi yu hai, aje mapajani mwake. Na kama hayupo, mzee aje hivyo hivyo na mikono yake mitupu, mkalishe karibu yangu, upande wake wa kushoto uwe kwangu, niushike huo mkono.