Kodi ya Gunia na Mgongo Wako

Dada yangu Nsimire,

Hata ulipokuwa hai, barua nilikusomea mimi. Hii hutaisikia. Lakini daktari ameacha kuniambia nirudi, na sitaki kuondoka na jambo hili moyoni.

Ulibeba magunia ya makala, makaa ya kupikia, kutoka barabara ya Walungu, kamba kwenye paji la uso, ili mimi nisome. Jioni ulinawa mara mbili kabla ya kugusa daftari langu. Nikawa mhandisi wa mazingira, nikaandika kodi ya makala: kila gunia linaloingia Bukavu lilipiwe, msitu upumue, na fedha ziajiri wanawake kwenye vitalu vya miche. Nilikuahidi utakuwa wa kwanza kuacha kamba.

Sikuandika ukubwa wa gunia. Wafanyabiashara wakashona magunia mawili kuwa moja. Miti ikaendelea kuanguka. Nusu ya wabebaji wakakosa kazi, na ninyi mliobaki mkabeba mara mbili. Kitalu kimoja kilifunguliwa, kikakauka. Niliyajua mapema, ila kodi yangu ilikuwa imeshasifiwa.

Siku moja ulinikuta kwenye bariyeri, kizuizi cha kulipia kodi, nikiwa na wakubwa wangu.

"Mudogo," ulisema, "hii kodi yenu imekula kazi ya benzangu. Na miye, mugongo iko naniuma. Uangalie kidogo."

Nikakujibu kwa Kifaransa, lugha usiyoijua: "C'est la loi, madame," yaani ndiyo sheria, mama. Mkubwa mmoja akauliza kama tunajuana. "Hapana," nikasema, "ni mama wa makala tu." Hilo nililisema kwa Kiswahili.

Ukakaza kamba, ukapanda mlima. Jumapili ulinipakulia bugali kama kawaida. Siku ya kukuzika, mgongo wako ulikataa kunyooka.

Nyumba yangu ya Nguba iko chini, karibu na ziwa, na gari halifiki mlangoni. Wiki iliyopita majirani walimwita mama mbebaji anipandishe hadi barabarani, niende hospitali. Alinifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

"Papa, uko mwepesi kuliko gunia," alicheka. "Usiogope."

"Magunia bado ni makubwa?"

"Bado, papa. Sababu ya kodi."

Nililia mgongoni mwake, akadhani naumwa. Akauliza kama nina ndugu. Nikamwambia nilikuwa na dada, alibeba makala kama yeye.

Nimelisema, Nsimire. Nimechelewa, na si wewe uliyelisikia.

Mudogo wako