Vitambaa vya Mafuta Nilivyokufulia

Kwako Baba Ngalula,

Barua yako imefika, na imesomwa. Ulitaka isomwe mbele ya watu, nayo ikasomwa mbele ya watu, Jumapili baada ya misa, uani kwetu hapa cité, mtaa wa Waafrika, majirani wamekaa juu ya viti vya kuazima. Yaya yako mukubwa, kaka wa tumbo moja nawe, aliisoma amesimama, kofia mkononi. Alipofika pale unaposema, "Mke wangu nimemsamehe, kwa sababu hakujua, aje huku Kasai na mtoto, nyumba iko tayari," wanawake walipiga vigelegele. Mama mmoja alinikumbatia akalia. Mimi sikulia. Nilikaa nikitazama miguu yangu, hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Basi na yangu isomwe mbele ya watu. Nimemwomba yaya yako arudi Jumapili hii, aisome kwanza hapa, halafu apande nayo treni akusomee huko. Hajui ndani mna nini. Nimeiandika mwenyewe. Ndiyo, mimi! Masista wa foyer, ile nyumba ya mafunzo ya wanawake, wamenifundisha, na Kiswahili chao ni cha kitabu, kwa hiyo usinicheke. Watu watakapoisikia yote, wewe pengine hutakuwa na mke wa kumpokea stesheni, na mimi sitakuwa na ukoo wa kukimbilia. Hilo nalijua, na bado naandika.

Unakumbuka mwaka wa kwanza wa ndoa yetu? Ulikuwa umekabidhiwa motokari ya Bwana, Mzungu wako, yule tuliyemwita Mikono-Nyuma kwa sababu siku zote alisimama amefunga mikono mgongoni. Jumapili moja yeye na Madame walikuwa wamealikwa chakula kwa rafiki zao, nawe ukanichukua hadi garaji yao, ukafungua kifuniko cha injini kama mtu anayefungua sanduku la nguo za arusi. Ukanionyesha kijiti cha chuma cha kupimia mafuta, chembamba, chenye alama mbili, ya chini na ya juu. Ukasema, "Vuta." Nikavuta. "Soma sasa." Nikasema mafuta yamejaa mpaka juu. Ukacheka sana.

"Ya kwanza ni ya uongo, bibi yangu. Mafuta inarukaruka ndani, inapaka kijiti fasi yote. Pangusa, rudisha, vuta tena. Ya pili njo ya kweli."

Nikapangusa, nikarudisha, nikavuta. Ya pili ilikuwa katikati ya alama. Ukanishika kiuno pale pale na mikono yako michafu, ukaniharibia kitenge, na sikukasirika hata kidogo. Nilikupenda, Baba Ngalula. Hilo nalo watu walisikie.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili, Mikono-Nyuma alitoka barazani, nawe ulimngoja chini kando ya motokari, kitambaa cheupe begani. Cheupe kabisa, hiyo ilikuwa sheria yake. Shofere mwenye kitambaa kichafu, alisema, ni shofere anayeficha kitu. Ulivuta, ukapangusa, ukarudisha, ukavuta, ukakiinua kijiti juu ili aone alama toka pale aliposimama. Alitazama alama tu. Hakuwahi kushuka ngazi hata siku moja. Akikubali kwa kichwa, siku yako ilikuwa imepona.

Na kitambaa kilirudi kwangu. Vilikuwa vipande vya shuka kuukuu za Madame, na kila jioni nilikaa na beseni, mafuta ya taa, sabuni na majivu, nikifua mpaka vidole vikachubuka. Wewe uliyaona mafuta ya injini kwa dakika moja, juu ya kijiti. Mimi niliyashika kwa mikono yangu mpaka jua linatua. Nilijua jinsi mafuta mapya yanavyotoka upesi na ya zamani yanavyong'ang'ania. Nilijua siku mlizokwenda njia ya Kipushi, kwa mchanga uliokuwa ukinikwaruza kiganja. Hakuna aliyeniuliza.

Halafu motokari ikaanza kunywa mafuta. Ulijaza jioni, asubuhi yameshuka. Mikono-Nyuma akakwambia toka kule juu kwamba yakishuka tena chini ya alama, atatafuta shofere mwingine. Tulijua maana yake sote wawili: kazi ikiisha, karatasi ya kukaa mjini imeisha, na nyumba ya cité inapewa mwingine. Hofu yako yote ukaileta nyumbani unimwagie mimi. Bukari, ugali wetu, ikiwa moto, kosa, ikipoa, kosa. Nikikuuliza, kofi, nisipouliza, nina kiburi. Majirani waliopo hapa waliyasikia, wakafunga madirisha.

Siku moja ukarudi unaimba. "Motokari imepona! Mafuta haishuke tena!" Ulikuja na mashofere wenzako watatu, mkakaa uani na pombe. Mimi nilikuwa kwenye beseni, na kitambaa cha siku ile hakikuwa na weusi wake. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na utelezi kama wa uji. Nikakinusa. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi ulikuwa ukiongeza maji kwenye radiata, ukilalamika kwamba jua linayakausha. Jua gani, nasi tulikuwa katika baridi ya mwezi wa sita tunalala na blanketi mbili? Ndipo nikaelewa maji yalikokuwa yakienda. Nikainuka, nikaja kando yako, nikakwambia sikioni, polepole, wenzako wasisikie:

"Baba Ngalula, mafuta haiongezeke yenyewe. Maji inaingia ndani."

Ukasimama. "Bantu, musikie! Mwanamuke anasoma mafuta sasa!"

Wakacheka. Ukaninyang'anya kile kitambaa ukanipaka nacho usoni: macho, pua, mdomo. "Soma basi! Soma!" Mmoja wao alicheka mpaka akaanguka toka kitini. Ngalula alikuwa na miaka mitatu, ameshika kitenge changu, na yeye akacheka, kwa sababu wakubwa walikuwa wanacheka. Hilo la mtoto ndilo lililonimaliza. Makofi ningeyasahau.

Nikanawa. Macho yaliniwasha siku mbili. Na nikanyamaza. Ee, nilinyamaza vizuri, wewe mwenyewe ulinisifu! Ulimwambia mama yangu kwamba sasa nimekuwa mke. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, lakini changu kilikuwa na utamu pia, sitadanganya. Nilikupikia sombe, majani ya muhogo kwa karanga, nikakupa maji ya kunawa nimepiga magoti, nikakuuliza, "Motokari iko namna gani?" Ukajibu mdomo umejaa, "Iko muzuri sana." Nami nikakuongezea bukari.

Kila asubuhi mafuta yalipanda, mpaka yakaipita alama ya juu, nawe ulikiinua kijiti mbele ya Mikono-Nyuma kama padri anavyoinua kikombe. Yeye toka barazani aliiona alama, rangi hakuiona. Wewe rangi uliiona, usiniambie hukuiona, lakini ulikuwa na haja ya alama. Na mimi kila jioni nilikunja kitambaa kimoja bila kukifua, nikakificha chini ya mkeka, na kingine kipya nikakukatia toka shuka ile ile. Hivyo ndivyo tulivyoishi majuma matatu, na nilikuwa nikilala usingizi mzuri.

Ikafika siku ya kwenda Luano, uwanja wa ndege. Madame alipata habari kwamba mama yake anakata roho huko Ulaya, ikabidi awahi ndege. Nusu ya njia injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, ikakwama, haikusonga tena. Wewe ulinisimulia mwenyewe, siku niliporuhusiwa kukuletea chakula mahabusu: ndege ilipita juu yenu, na Madame akaikimbilia barabarani na viatu vyake virefu, akiipigia kelele isimame. Mama yake alizikwa bila yeye. Mwanamke yule hakuwahi kunikosea kitu, shuka zake ndizo nilizokuwa nikikata. Yeye sikumfikiria kabisa.

Fundi alipofungua chini ya injini, maji yalitangulia kutoka, mafuta yakafuata. Mikono-Nyuma hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Alisema ulimimina maji kwa mkono wako ili alama ipande, umdanganye, ubaki kazini. Na ilikuwa rahisi kuamini, maana kila mtu alijua jinsi ulivyokuwa ukiiogopa alama ile.

Wakaniita kwa kamisa wa polisi. Wewe ulikuwa umekaa chini sakafuni, mikono imefungwa. Karani akanitafsiria swali: "Wewe ndiye unayefua vitambaa vyake. Maji yalianza kuonekana ghafla, siku moja, au kidogo kidogo?" Swali lilikuwa hilo tu. Kidogo kidogo, basi ni injini iliyotoboka ndani, na wewe ungefukuzwa kwa uzembe, yaishe. Ghafla, basi ni mkono wako.

Sasa sikilizeni, nyote. Vile vitambaa nilikuwa navyo. Nilikuwa nimevifunga tumboni chini ya kitenge, nimevipanga kwa siku zake, toka cha kwanza chenye rangi ya chai hadi kile cha mwisho kilichokuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda. Nilitoka nyumbani nimekusudia kukuokoa, Mungu ananiona. Hasira yangu ilikuwa imeshiba. Kukuona sakafuni kulinitosha. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye fundo la kitenge.

Nawe hukungoja. Ukamwambia kamisa, "Bwana, muache huyu. Iko mwanamuke tu, hajui kitu. Kichwa yake iko mutupu."

Labda ulitaka kunikinga. Nimelifikiria hilo miaka sita, na labda ni kweli, labda uliogopa wasinifunge na mimi. Lakini ulilisema bila kunitazama, kama mtu anayesema kuku hajui kusoma. Mkono wangu ukatoka kwenye fundo. Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Mie niko mwanamuke. Sijue kusoma mafuta." Karani akacheka. Kamisa akaandika kwamba hakuna shahidi, basi ni mkono wako. Nikarudi nyumbani na vitambaa vyangu tumboni, nikaviteketeza kwenye makaa ya mbabula, nikateleka maharage juu yake.

Shemeji unayesoma, usinyamaze hapo. Soma mpaka mwisho.

Walikuchapa uani mwa gereza, na mimi nilisimama nje, kando ya ukuta. Nilikuwa nimekwenda kusikiliza. Fimbo ya kwanza nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, na ya pili pia. Halafu ukamwita mama yako, marehemu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako. Furaha ikakatika, lakini fimbo hazikukatika. Nikaziba masikio, na hata nilipoyaziba nilikuwa naweza kuzihesabu kwa mtetemo wa ukuta.

Yaliyofuata watu wanayajua: kifungo, karatasi yako ya ushofere ikachanwa mbele yako, treni ya Kasai, na amri ya kutorudi hapa. Mimi masista walinichukua kufua nguo zao, ndiyo maana nikaachwa mjini. Na toka siku hiyo, kila ninapopita, nasikia, "Masikini, mke wa yule shofere. Laiti angejua." Nimepewa unga kwa ajili ya neno hilo. Nimepewa kiti cha mbele kanisani. Mama mmoja alimwita binti yake jina langu. Nimekula huruma isiyo yangu miaka sita, na imenikaa kooni.

Sasa na wewe umenitumia huruma nyingine, kwa treni, na vigelegele juu yake. Mgongo wako una makovu, wala sitaki kuyapunguza kwa maneno. Umechapwa kwa kosa ambalo hukulifanya, na mtu aliyeweza kuzizuia fimbo alikuwa mimi. Kosa langu nalibeba mwenyewe. Lakini hili la kusema sikujua, Baba Ngalula, hili nalikataa mbele ya watu hawa wote. Nilijua kabla ya fundi. Nilijua kabla ya Bwana. Nilijua kabla yako, na nilikuja kukwambia sikioni, kwa heshima, ukanipaka usoni.

Ngalula ananiuliza kila siku kama tutapanda treni. Nimemwambia tunangoja jibu la baba. Kama baada ya haya nyumba yako bado iko tayari, sema, lakini uwe unajua unamwita nani: mwanamke aliyekuja na wokovu wako tumboni, akaurudisha nyumbani, akaupikia maharage. Kama haiko tayari tena, sema pia, nami nitamlea mtoto huyu hapa hapa na sitakulaumu kwa lolote. Usinihurumie tu. Nichukie, Baba Ngalula. Nichukie nikiwa na akili zangu.

Mimi mkeo,
Mama Ngalula