Mita isiyolia

Shoga, wamekata umeme! Sasa hivi, na mayai yangu bado yamo kwenye mashine ya kutotolesha.

Si unakumbuka nilivyombembeleza baba mdogo tuache mita ya tokeni, tulipe bili mwisho wa mwezi? Nilichoka umeme kuisha mayai yakiwa ndani.

Kumbe mita mpya hailii. Ile ya zamani ikianza kupiga kelele, baba mdogo alikuwa anakimbia kuzima kila kitu. Hii kimya, basi jiko la umeme likawa linawaka kutwa, bili ikatushinda.

Fundi wa umeme yuko juu ya nguzo, baba mdogo yuko chini anafoka, “Mngeniachia mita yangu! Ingelia, ningezima!”

Ingelia, ningezima. Mzee mzima, shoga!

Fundi kaniambia mimi, “Dada, lipeni bili kwanza.” Tulipe na nini, na vifaranga ndio niliotegemea kuwauza?

Nimeyafunika mayai kwa blanketi. Yai moja lilishaanza kutoboka asubuhi, kifaranga analia humo ndani. Nimeliweka sikioni, bado namsikia.

Baba mdogo kaja taratibu, kachuchumaa karibu yangu.

“Linalia?”

Nimemwambia hapana.