Baba Gwen, Mkwe Wetu Anaondoka

Baba Gwen,

Pai ya nyama iko kwenye oveni, ipashe moto. Dawa ya presha umeze kabla ya taarifa ya habari, si baada.

Nimekwenda kwa Gwen. Mlivyobishana asubuhi, waziri mkuu abaki au ang'oke, kodi imepanda, hazina ya serikali tupu, hayo nimeyazoea. Lakini ukamgeukia mkwe wetu Semere: "Nyinyi wageni ndio mliotumaliza!" Mtu ametoka kukesha hospitalini akiuguza wazee wa nchi yetu. Akajibu tu, "Asante kwa chai, baba," akavaa koti. Gwen akambeba mtoto wakatoka. Hata kuinuka kuwaaga hukuinuka.

Gwen amepiga simu sasa hivi. Wanahamia Kanada. Barua ya kazi walikuwa nayo tangu Pasaka, wakisitasita kwa ajili yetu. Nimemsihi wangoje kidogo. Amesema, "Mama, basi. Imetosha."

~~Mpigie Semere umwombe radhi.~~ Usimpigie, hatapokea.

~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini.

Chama chako kikishinda, shangilia peke yako. Ila sikulaumu wewe tu. Nilikuwa hapo hapo mezani, nikasikia yote, nikanyamaza.

Mama Gwen