Cherehani ya Sindano Moja

Mjini Unguja, Jumatano, tarehe nane Aprili. Mwaka wa arubaini na tisa tangu niondoke.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imetulia. Mabati ya jirani bado yanadondosha maji uani kwetu, na uchochoro mzima unanuka chokaa mbichi. Harufu hii nilijaribu mara nyingi kumweleza marehemu mke wangu, aliyekuwa Mwingereza, nikashindwa kila mara.

Leo nimefurahi. Naliandika hilo mwanzo kabisa, maana mimi nikianza kuichambua furaha huwa inapungua.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa Mkunazini niliyezeekea katika mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Huko nilifanya kazi katika kiwanda cha kufuma mazulia mpaka kilipofungwa, kisha katika maktaba ya mji mpaka nilipostaafu. Safari hii nimekuja kufunga Ramadhani na kula Idi na dada yangu Zuhura. Yeye ni mdogo wangu, mjane, na anaishi peke yake katika nyumba hii tuliyozaliwa. Tiketi yangu ya kurudi ni ya Jumamosi.

Zuhura anadarizi foronya za maharusi. Huku kwetu kitanda cha bibi harusi kikitandikwa, wanawake huingia chumbani kukitazama, na hawatazami godoro. Wanatazama foronya. Wanazishika, wanazigeuza upande wa ndani kuona nyuzi zimefungwaje, halafu wanauliza kazi ya nani. Kwa miaka mingi jibu hapa mjini limekuwa Bi Zuhura wa Mkunazini.

Kazi yote hiyo ameifanya kwa cherehani ya miguu ya mama yetu. Anaufungua ule mguu mdogo unaokandamiza nguo, anakiwamba kitambaa kwenye duara la mbao, kisha analishika duara kwa mikono miwili na kulitembeza chini ya sindano. Sindano inapanda na kushuka pale pale. Anayechora ni mikono. Utotoni nilikuwa nakaa kizingitini nikimtazama mama, nikidhani maua yanatoka vidoleni mwake.

Lakini magoti ya Zuhura yamekataa. Daktari alimwambia aache kukanyaga, naye hakuacha mpaka mfungo ulipokwisha na harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, zikaanza kubisha hodi. Basi akaamua kuchukua zamu yake ya upatu anunue cherehani ya umeme, ile inayodarizi yenyewe kwa maua yaliyohifadhiwa ndani yake.

Nikamwambia nitamnunulia mimi, tena iliyo bora.

"Hasha," akasema. "Umeshaleta friji, umeleta televisheni, umeleta na kile kiti cha kukanda mgongo kinachonitisha. Kila mwaka kinakuja kitu, wewe huji. Hii nanunua mwenyewe."

Nikairudisha pochi mfukoni.

Jumamosi iliyopita tukaenda Mwanakwerekwe, kwa kijana mmoja anaitwa Khatibu anayeuza cherehani zilizotumika zinazotoka Dubai. Alikuwa nazo mbili za kudarizi. Moja ina sindano sita, kubwa kama kabati, kila sindano na uzi wake. Ua likihitaji kijani baada ya nyekundu, mashine inahamia sindano nyingine bila kuuliza mtu. Ya pili ni ndogo, ya sindano moja. Rangi ikibadilika inasimama, inalia kama kifaranga, na kungoja mtu aje kuitungia uzi mwingine.

Zuhura aliuliza maswali mengi juu ya zote mbili, zaidi ile kubwa. Inachukua dakika ngapi kwa foronya? Ikiachwa peke yake inafika mwisho? Nani anakaa nayo?

"Hakai mtu, Bi Zuhura," Khatibu akajibu kwa fahari. "Hii unaiwasha, unakwenda Darajani kununua samaki, unarudi ishamaliza. Mwambie kakako atoe, mzee wa Ulaya huyu!"

"Huyu ni mgeni," Zuhura akasema. "Mgeni hatozwi."

Khatibu akacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini neno lile nimekuwa nalo siku zote hizi kama kijiwe kwenye kiatu. Mgeni. Kwenye nyumba ambayo alama za urefu wangu bado zipo mlangoni.

Akachukua ya sindano moja. Ndiyo iliyolingana na mfuko wake, ingawa moyoni niliona anafanya kosa. Kwa kazi yake mtu hununua ile kubwa.

Kisha zikaja siku za mateso.

Bi Rahma wa mtaa wa Amani anamwoza binti yake keshokutwa, Ijumaa. Alikuwa ameagiza foronya nne za mawaridi na asumini, za kutandikwa asubuhi ile. Jumapili tukaiwasha mashine. Waridi la kwanza likatoka limelala upande, mabua yametengana na maua, kama kabichi iliyokanyagwa. La pili vivyo hivyo. Zuhura akabadilisha uzi, akabadilisha sindano, akatia kitambaa kigumu chini ya foronya ili isivutike. Likatoka limelalia upande wa pili.

"Khatibu kaniuzia mgonjwa," akasema.

Jumatatu Khatibu akaja na mkoba wake. Akawamba kipande cha nguo kuukuu kwenye fremu, akabonyeza, akakunja mikono kifuani. Likatoka waridi zuri ajabu, limesimama wima.

"Mzima, mama. Mzima kuliko mimi."

Alipoondoka tukajaribu tena. Kabichi.

"Inamwogopa bwana wake," Zuhura akasema. "Akiwepo inajitia adabu."

Alilisema kwa mzaha, lakini usiku hakula vizuri. Nikaelewa. Ijumaa wanawake wangeingia chumba kile cha Amani, wangezigeuza foronya, wangeuliza kazi ya nani. Angeweza kurudi kwenye cherehani ya mama, na jana alijaribu kweli. Alikanyaga mpaka Adhuhuri, akashindwa kuinuka kitini, nikamshika mkono. Hakutoka machozi. Dada yangu hatoki machozi mbele ya watu. Aliniambia tu kwamba labda zamani zake zimekwisha.

Nami nilikuwa nimekaa na kitabu changu, mgeni, sina la kusaidia.

Leo basi. Baada ya chakula aliwamba foronya nyingine na kuanza, bila matumaini, nadhani kwa ukaidi tu. Ikaadhiniwa Alasiri. Siku zote Zuhura huzima kila kitu akisikia adhana, hata redio. Leo alikuwa amechukizwa mno. Aliinuka, akaitupia mashine jicho, akaenda kutawadha akaiacha inakwenda.

Nikabaki mimi nayo. Nilikuwa nasoma, lakini mlio wake ukanivuta. Mlio ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mwepesi, wa mapigo yaliyo sawa, na mlio huo niliujua. Niliusikia miaka mingi kiwandani, mitambo ilipokuwa inakwenda vizuri na sisi tumesimama tu kando yake.

Nikainuka kutazama.

Nusu ya kwanza ya ua imelala kama kawaida. Nusu ya pili, kuanzia pale adhana ilipomwinua, imesimama wima kabisa.

Nikarudi kitini nikamngoja amalize kusali. Alipokuja nikamwomba aanze ua jingine, nami nikatazama mikono yake badala ya nguo. Sindano ilipoanza tu, mikono ikapanda yenyewe mezani, ikaishika fremu pande mbili na kuanza kuitembeza.

"Zuhura, unaisaidia."

"Siisaidii. Nimekaa tu."

"Mikono yako iko wapi?"

Akaitazama kama vile ni mbuzi wa jirani walioingia shambani. Mashine inavuta fremu kwake, yeye anaivuta kwake, na waridi liko katikati halijui limsikilize nani. Miaka yote aliyotembeza duara la mama ilikuwa ndani ya vidole vile, haikungoja ruhusa yake. Khatibu alikunja mikono. Ndiyo siri yote ya Khatibu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama alikuwa akinipiga nikilegeza mikono! Leo naambiwa nilegeze!"

Tukajaribu. Akakalia mikono yake, ikatoka. Akaifunga kwa ncha ya kanga, akasema anajiona kama kuku anayepelekwa sokoni. Akashika tasbihi, na hiyo ilisaidia kidogo, mpaka sindano ilipofika kwenye kona ya petali, pale mama alipokuwa akisema taratibu sasa, taratibu. Tasbihi ikaanguka chini na mkono ukawa kwenye fremu.

"Siwezi," akasema, bado anacheka. "Kaka, siwezi. Njoo wewe."

Nikaenda.

Siku yangu ya kwanza kiwandani, msimamizi wetu, mzee mmoja asiyependa maneno, alinifundisha jambo moja tu: mikono nyuma. Aliyepeleka mkono kwenye mtambo unaokwenda alipoteza kidole au aliharibu zulia. Nilisimama hivyo mpaka kiwanda kilipofungwa, mikono mgongoni, macho kwenye nyuzi, nikijiuliza maisha haya ya kusimama bila kugusa yananifundisha nini. Niliyachukia kimya kimya. Nilikuwa nikijiambia nimetoka katika nyumba ya watu waliofanya kazi kwa mikono, nami nimepelekwa mbali kujifunza kutoitumia.

Leo nimekaa mbele ya cherehani ya dada yangu, mikono mapajani, bila taabu yoyote.

Ikalia kama kifaranga. Nikatoa wekundu, nikatunga kijani. Ikalia tena, nikatunga manjano ya vitovu vya asumini. Miwani yangu ya kusomea ilitosha. Zuhura alikaa mkekani kando yangu akikata nyuzi zilizobaki, akipinda kingo, akichora kwa penseli ua ambalo anataka Khatibu aje alitie ndani ya mashine, maana yaliyomo anasema yana sura ya hoteli. Kila baada ya muda aliinua kichwa.

"Usiiguse."

"Sijaigusa."

"Nakujua. Usiiguse."

Kabla ya Magharibi foronya mbili zilikuwa tayari. Alizigeuza ndani akazitazama dirishani kwa muda mrefu, kama watakavyofanya wale wanawake. Kisha akaziweka mezani na kuzilainisha kwa kiganja. Mbili zilizobaki ni za kesho, na Ijumaa ataingia Amani kichwa juu.

Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa na furaha na mtu mwenye furaha huropoka, kwamba angechukua ile ya sindano sita asingehitaji mtu wa kubadilisha nyuzi.

"Najua," akasema. Alikuwa anakata uzi, hakuinua macho. "Nilimuuliza Khatibu vizuri. Ile haitaki mtu."

Nikageuka kumtazama.

"Hii inataka mtu akae nayo. Nilidhani nitakaa mimi na wewe utanitungia nyuzi, basi siku ya safari utaona haya kuniacha. Sasa mimi mwenyewe hainitaki kabisa." Akakata uzi kwa meno. "Na bei pia, usijipe ukubwa."

Tangu niondoke dada yangu hajawahi kuniambia rudi. Katika barua hakusema, katika simu hakusema, hata mumewe alipokufa hakusema. Alisema mvua imenyesha, embe zimeiva, fulani kaoa. Leo amesema hivi, na hapo akainuka kwenda kuteka maji ya chai kama mtu aliyetaja bei ya nazi.

Nimekaa huku juu na shajara hii kujaribu kuwa mkweli. Nina nini kule? Nina fleti yenye joto la kutosha na majirani wema. Nina kadi ya maktaba. Nina kaburi la mke wangu, na hilo ndilo zito, nimelizunguka jioni yote. Lakini binti yetu anaishi dakika chache kutoka pale na hupeleka maua bila kukumbushwa, na marehemu mwenyewe alizoea kuniambia kwamba ninalala Uingereza na kuota Mkunazini, na kwamba amechoka kuamshwa na ndoto zisizo zake.

Nimempigia binti yangu. Kiswahili chake ni cha jikoni, cha kuomba chumvi na kukataa pilipili, lakini aliuelewa mpango wangu wa kubaki kabla sijamaliza. Aliuliza nitafanya kazi gani katika umri huu. Nikamwambia kazi ya kukaa bila kugusa kitu. Akasema, "Hiyo unaiweza, baba." Nitakwenda kuwatembelea, inshallah, yeye na wajukuu na kaburi, nikiwa na zawadi mkononi kama wageni wanavyofanya.

Zuhura ananiita kutoka chini. Chai tayari, na mashine, aliyoiwashia foronya ya tatu akaiacha peke yake, imelia.

Naam, nimeitikia.

Jumamosi ndege itaondoka bila mimi. Sirudi kule.