Pumzi Ishirini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu umeacha kukusumbua. Baba naye mpe shikamoo yangu, umwambie aache kuwatangazia majirani kwamba ana mtoto daktari. Nasomea uuguzi, tena bado nasoma. Mimi sijambo.

Umeniuliza mara mbili kama nitaingia mwaka wa tatu. Nitafika huko, vumilia kidogo.

Masomo ya hapa hayana huruma. Asubuhi tuko wodini, mchana darasani, na mwalimu wa dawa anataka kila dawa kwa jina, kipimo na madhara yake, kama unavyotaja wajukuu zako. Ukikosea hesabu ya kipimo hata moja, unarudia mtihani wote. Wenzangu walikuwa wanajifungia chooni kulia. Mimi sikulia. Niliandika dawa kwenye vikadi, nikavitia mfukoni mwa aproni, nikawa navisoma popote nilipopata dakika.

Dakika yenyewe niliipata wodini. Mgonjwa anatakiwa kuhesabiwa pumzi dakika nzima, huku unamtazama kifua. Wengi hufika kumi na nane, ishirini. Basi nikawa naandika ishirini tu, na ile dakika nasoma kikadi changu. Wenzangu wakanibandika jina, Ishirini. Sista mkuu wa wodi aliwahi kuuliza kama wagonjwa wangu wanapumua kwa gwaride, tukacheka wote.

Mtihani nilipata tisini na nne, wa kwanza darasani.

Wiki hiyohiyo mzee wa kitanda cha sita, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, alizidiwa. Asubuhi nilikuwa nimemwandikia ishirini. Saa nane muuguzi wa zamu ya mchana akamhesabu, akapata arobaini. Maambukizi ya kidonda yalikuwa yameshafika kwenye mapafu, na kesho yake akafariki. Sista aliniuliza kama nilihesabu. Nikasema nilihesabu. Akaniamini, maana nani atamshuku mtu wa tisini na nne? Lawama ikamwangukia yule muuguzi, kwamba alichelewa kumpitia mgonjwa.

Siku tatu nilikula na kulala vizuri tu, Mama, sikufichi.

Siku ya nne binti wa marehemu alikuja kuchukua vitu vya baba yake. Aliponiona alinishika mikono yote miwili, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unasimama naye kila asubuhi. Nilikuwa naona midomo yako inacheza, nikajua unamwombea."

Nilikuwa nakariri dawa za presha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa sista, nikamweleza yote. Kamati ya nidhamu ya chuo ilikaa jana. Yule muuguzi amesafishwa jina. Mimi hawakunifukuza, ila narudia mwaka wa pili mzima. Kwa hiyo mwaka wa tatu siingii, Mama. Naona aibu, na nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Baba mwambie wewe, mimi siwezi.

Mbele ya kamati sista aliniuliza swali moja tu: asubuhi ile mzee alikuwa anapumua mara ngapi? Nilisimama pembeni yake dakika nzima, Mama, na sijui.

Nisalimie dada na watoto wake, na wote wanaoniulizia. Nawaombea afya njema.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba